Emerensia Tigga, Mke wa Patras, Aliyekataa Kutoka

Ndugu, jamaa, majirani wa Jamtoli, na ninyi mliovuka mto kutoka Tilaiguda kwa mvua hii, poleni na safari na poleni na msiba. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu Emerensia Tigga. Mimi ni Ignasia Lakra, wifi yake, niliyepika katika bweni la wasichana la parokia mpaka magoti yaliponikatalia. Padre Anselmi aliniomba niandike kwa upole. Nimejitahidi. Pale upole uliponishinda nimeandika kama ilivyokuwa, na Padre amesoma akanirudishia bila kufuta kitu. Alisema tu, "Dada Ignasia, usisome kwa sauti ya jikoni." Hilo nalo nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 katika kijiji cha Tilaiguda, akiwa mtoto wa tatu wa katekista Bernard Tigga na mama Salomi Minz. Wakubwa zake wawili walikufa wachanga, na mdogo wake Filip alichelewa sana kuzaliwa, kwa hiyo maksai wa baba yake aliwachunga yeye. Kuna kisa ambacho mzee Bernard hakuchoka kukisimulia. Jumapili moja akiwa anaongoza sala, maksai mmoja wa rangi ya udongo akakata kamba, akaingia kanisani akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya altare. Wanaume wakasimama na fimbo. Emerensia, msichana wa miaka tisa hivi, alipita katikati yao, akamshika mnyama sikio, akamnong'oneza kitu, na yule maksai akageuka akamfuata nje kama mtu aliyekumbushwa adabu. Mzee Bernard akawaambia waumini, "Mmeona? Huyu kaja bila kugongewa kengele." Marehemu mwenyewe akiulizwa alimwambia nini yule maksai, alijibu kwamba hayo ni mambo yao wawili.

Alisoma shule ya masista ya Dumarpat hadi darasa la saba, mwaka 1975. Alikuwa hodari wa kushona na mbovu wa hesabu. Alipenda kuimba, ingawa sista wa muziki alimwambia anaimba kama mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya pili. Aliacha masomo kwa sababu mama yake aliugua miguu na nyumba ilihitaji mikono. Hakulalamika juu ya hilo, lakini baadaye hakukubali mtu yeyote amwambie kwamba binti yake amesoma vya kutosha.

Kazi yake ilikuwa kilimo. Alipanda mpunga katika jaruba na ulezi kule juu kwenye mawe. Msimu wa kiangazi alisuka mikeka ya ukindu na kushona sahani za majani, akauza gulioni kila Jumatano. Wengi mliokaa hapa mmelala juu ya mikeka yake na wengine mmeolewa juu yake. Alikuwa na kasoro ya kuuza kwa bei ndogo kwa mtu aliyemhurumia, na alihurumia karibu kila mtu. Nilimgombeza sana kwa hilo.

Tarehe 6 Mei 1982 alifunga ndoa na kaka yangu Patras Lakra katika Parokia ya Mtakatifu Anna, Dumarpat. Patras alikuwa mtu wa kucheka. Siku alipomleta nyumbani alimwambia mama yetu, "Mama, huyu hajui hesabu, kwa hiyo hatajua nimemlaghai." Emerensia akajibu palepale, mbele ya wakwe, huku kajifunika kichwa, "Kuhesabu ng'ombe najua, na hapa namwona mmoja." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo alimpenda, na mpaka anafariki hakuruhusu mtu amseme vibaya.

Mungu aliwapa watoto watatu. Wavulana wawili walikwenda kabla hawajatembea. Sushma alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1988, akabaki. Miaka ile nyumba yao ilikuwa na kelele nzuri. Mimi nilikuwa nikipata ruhusa bwenini nakwenda kukaa kwao, si kwa kaka yangu mkubwa, na kaka yangu mkubwa alilijua hilo.

Patras alifariki tarehe 22 Juni 1994. Malaria ilipanda kichwani. Wanaume walimbeba juu ya kitanda kuelekea zahanati, wakamrudisha kabla ya kufika. Alizikwa kwenye makaburi haya haya, katika mstari wa akina Lakra. Wachimbaji walipomaliza, marehemu aliwaambia, "Tafadhali, nafasi ya kulia kwake muiache. Ni yangu." Kaka yangu Matiyas, mkubwa wetu, ndiye aliyejibu. Alisema, "Nafasi hiyo ni ya mjane anayebaki. Akitoka, haina mtu."

Mnajua alikuwa na maana gani, lakini vijana wa siku hizi hawajui, kwa hiyo naeleza. Kwetu mjane ni wa nyumba ya mumewe maadamu analala chini ya paa lile na jaruba la mumewe linalimwa. Nyumba ikianguka au jaruba likilala msimu mzima bila plau, anarudishwa kwa baba yake, mali inakwenda kwa ndugu wa mume, na akifa anazikwa kwao. Na mwanamke hashiki plau, wala hapandi juu ya paa. Akishika plau, mvua inakimbia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Wakristo na wasio Wakristo. Sasa jiulizeni mjane analimiwa na nani, na anaezekewa na nani. Na ndugu wa mume. Anayetaka kumtoa mjane hahitaji kumpiga. Anakaa tu nyumbani kwake na kusubiri.

Emerensia aliomba kitu kimoja tu baada ya siku ile. Alitaka siku yake ikifika alale karibu na Patras. Hakutaka shamba kwa ajili ya kuwa na shamba.

Majonzi yalimkalia vibaya. Sitaki kuyapamba. Hakulia kama watu wanavyolia. Alikuwa anaanza kazi anaiacha katikati. Mkeka aliosuka mwaka ule ninao, una makosa kila mahali, ukindu unaanza kwenda kulia halafu unasahau. Sushma hakuwa ametimiza miaka sita, akanifuata siku moja jikoni kwangu akaniambia, "Shangazi, mama anasahau kupika." Nikamchukua akakaa nami bwenini, na masista Mungu awabariki walijifanya hawamwoni. Kila Jumamosi nilimpeleka kwa mama yake, na kila Jumamosi nilimkuta mama mwenyewe amekaa mahali palepale, ukutani, Patras alipozoea kupangusia tope la miguu.

Wakati huohuo maneno yakaanza. Kornelia, mke wa Matiyas, alisema kisimani mbele ya wanawake kwamba nyumba ambayo wanakufa watoto wawili na mume, kuna mtu ndani yake anayewala. Neno mchawi hakulitaja siku ile. Alilitaja wiki iliyofuata. Siku moja alimwambia Emerensia, "Wewe, kwenu hakuna maji? Si mna mto mzima?" Marehemu akajaza ndoo yake, akaiweka kichwani, akamwambia, "Mto upo, shoga. Mume wangu ndiye hayupo mtoni."

Mwaka ule jaruba lilikuwa limekwisha kulimwa na Patras mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1995, marehemu alipika pombe ya mchele, akachinja jogoo, akaita watu wa kazi kama sote tunavyoita. Hakuja mtu. Matiyas alikuwa amepita kila nyumba. Pombe ilichacha kwenye vyungu na yeye amekaa mlangoni kwake, kavaa vizuri, anangoja. Nasema hili mbele yenu kwa sababu wengi wenu mlikuwa watu wazima. Baba yake, mzee Bernard, ndiye aliyesikia akavuka mto na maksai wake wawili, akalima huku anakohoa. Alifariki Februari iliyofuata, akawaacha wale maksai kwa binti yake. Filip alikuwa mbali, Asamu, kwenye mashamba ya chai.

Msimu wa 1996 marehemu alimpata kibarua wa kijiji kingine. Matiyas alimkuta njiani, wakaongea, yule mtu akageuza. Mvua za kwanza zikapita. Miche ikaanza kuzeeka kitaluni. Halafu, asubuhi moja ya Julai, wanawake waliokwenda kisimani walimwona Emerensia yuko jarubani, kashika mpini wa plau, anatembea nyuma ya maksai wa baba yake. Hakuwa amelima sehemu kubwa. Alikuwa amelima pembe moja tu.

Nilipata habari nikiwa na sufuria motoni. Niliacha wali wa bweni zima ukaungua. Nilipofika, baraza limeshakaa hukohuko shambani, na mzee Budhram, mkuu wa kijiji, anamhoji. Mzee Budhram hakuwa Mkristo, na alikuwa mtu mwadilifu wa mila, asiyependelea upande.

"Umeshika plau?"

"Nimeshika, baba."

"Ulijua?"

"Nilijua. Na ninyi mlijua hakuna aliyekuja."

Mzee Budhram alitaka atoe mbuzi, shamba litakaswe, yaishe. Matiyas akakataa. Akadai adhabu ya zamani, ambayo hata bibi zetu walikuwa wameisikia tu: mwanamke aliyeshika plau afungwe nira pamoja na ng'ombe, aivute plau hiyohiyo mahali alipokosa, na atiwe nyasi mdomoni.

Nilimwambia, "Kaka, Ijumaa Kuu ni wewe unayebeba msalaba kanisani. Leo unambebesha nani?"

"Nyamaza, Ignasia. Mambo ya ukoo hayapikwi."

"Yameshaiva, kaka. Yananuka."

Wazee walinamisha vichwa. Walijua ana haki ya kudai. Mzee Budhram akauliza nani atashika mpini, maana plau haijishiki. Wanaume wakatazama miguu yao. Hakuna aliyetaka. Matiyas akasema, "Nitashika mimi."

Wakamfunga. Upande mmoja maksai wa rangi ya udongo, wa uzao mmoja nadhani na yule wa kanisani, na upande wa pili Emerensia, mti wa nira juu ya shingo yake. Kornelia ndiye aliyeng'oa nyasi. Marehemu alisema neno kwa yule maksai, sikulisikia, na mnyama akapunguza mwendo akatembea kwa hatua zake yeye. Matiyas akampiga maksai fimbo, maksai hakubadili. Walikwenda kutoka tuta moja hadi tuta la pili. Alianguka mara moja tu. Tope lilimfika kifuani. Hakuna aliyecheka, na aliyetaka kucheka aliona uso wa mzee Budhram akaacha.

Mwisho wa jaruba walisimama. Nikamfuata, nikamtoa zile nyasi mdomoni kwa kidole changu. Akatema mate. Alikuwa bado na nira shingoni. Hakumtazama Matiyas. Kwetu mwanamke hasemi na kaka mkubwa wa mumewe ana kwa ana, na hata siku hiyo hakuivunja heshima hiyo. Alimtazama mzee.

"Baba Budhram, jaruba la Patras limefunguliwa leo?"

Mzee akautazama ule mtaro, mrefu, umenyooka, maji yanaingia.

"Limefunguliwa."

"Limefunguliwa na nani?"

Hapo ndipo wazee walipoelewa, na Matiyas akaelewa baada yao. Bado alikuwa ameshika mpini.  Nilimwona mzee Budhram anatafuta mlango mwingine, akaukosa, kwa sababu alikuwa mkweli.

"Limefunguliwa na Baba Mkubwa wa Sushma," akasema. "Mkono wa ukoo ndio ulioshika."

"Basi mwaka huu halijalala," marehemu akasema.

Baraza likavunjika. Kesho yake mzee Budhram alituma wanawe wakamalizia kulima, maana kaka mkubwa akishafungua, wengine hawana kosa. Na wakaendelea kulima kila mwaka, wao na baadaye trekta la kukodi. Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kawaida.

Najua kisa hiki mnakisimulia gulioni na mnacheka. Mimi naomba mpunguze. Mimi ndiye niliyemkanda ile shingo. Mkono wa kulia haukuinuka tena juu ya sikio, na kubeba ndoo kichwani aliacha. Alishinda, ndiyo, lakini aliyeshinda alirudi nyumbani akitambaa, na usiombe kumwona mtu unayempenda katika hali ile.

Paa ndilo lililobaki. Matiyas hakugusa tena plau ya mtu, lakini vigae vya nyumba ile alikataa kuvipanga, na akawazuia wengine kwa kusema nyumba ya ndugu yake ni yake. Sushma alipokuwa mkubwa alileta turubai, tukalifunga kwa ndani, chini ya boriti, kwa kuwa juu haturuhusiwi. Mvua ikinyesha marehemu alihamisha mkeka kutoka pembe moja kwenda nyingine. Pembe kavu zilizidi kupungua.

Mwaka 2003 alipatwa na kifua kikuu. Kornelia alimwaga majivu ya kukinga uchawi njiani mahali alipopita, na watu wakasema mchawi sasa anajila mwenyewe. Watu wa zahanati walimtaka alazwe hospitali ya mbali miezi miwili. Akakataa, kwa sababu kulala nje ya paa lile, kwa maneno ya Matiyas, ni kutoka. Kwa hiyo alikwenda zahanati kwa miguu kumeza dawa mbele ya mganga, akarudi, siku baada ya siku, mpaka akamaliza dozi. Mganga yule alimwambia hajapata kuona mgonjwa mkaidi namna hiyo. Alipona, lakini nusu.

Sushma alimaliza uuguzi mjini Ranchi mwaka 2010, akapata kazi hukohuko. Mchele wa jaruba lile ndio uliomlisha mpaka hapo. Alipokuja kumchukua mama yake nilikuwepo.

"Mama, twende. Kuna madaktari, kuna bati, kuna maji ya bomba."

"Na nikifa huko mtanizika na nani?"

"Na watu, Mama."

"Watu siwajui. Namjua baba yako."

Nilimkasirikia. Nilimwambia, "Wifi, Patras amekufa siku nyingi, hana haraka na wewe." Akaniambia, "Ndiyo maana simharakishi." Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Ugonjwa ulirudi mwaka 2016, na safari hii mapafu yalikuwa yamechoka. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Novemba 2017, Kornelia alifariki ghafla kwa moyo. Marehemu alikuwa kitandani, hakuweza kuja kuzika. Na Matiyas akamzika mkewe pale kulia kwa Patras, katika ile nafasi. Kulia pamejaa, na kushoto, mnaona wenyewe, ni ukuta wa makaburi.

Mliokuwepo mlinyamaza. Na mlipokwenda kumsalimia mgonjwa mliongea habari za mvua. Alihisi. Aliniuliza mimi kwa sababu anajua sijui kufunika chungu. Nikamwambia, "Wifi, nafasi yako imechukuliwa. Yumo Kornelia."

 Mimi nililia, yeye hakulia. Halafu akauliza, "Alikufa na nini?"

"Moyo."

"Maskini." Akafikiri tena. "Na Patras? Bado yuko palepale?"

"Atakwenda wapi?"

"Basi mnifungulie kwake. Mimi na Patras hatukuwahi kuwa na vitanda viwili."

Juni mwaka huu, alipokuwa hawezi hata kunywa uji bila kupumzika, Sushma alikuja na gari. Marehemu alishika mwimo wa mlango kwa mkono ule mzima. Akasema, "Nikitoka mlango huu, Baba Mkubwa wako atatia kufuli kabla gari halijafika mtoni." Mimi sisemi kwamba angetia. Kaka yupo hapa, mnaweza kumuuliza.

Ranchi pengine angeishi mwaka mwingine, au zaidi. Sushma ni muuguzi na analijua hilo kuliko sisi sote. Mwanangu, shangazi yako anakuambia mbele ya watu: huna kosa. Hukushindwa wewe. Hata maksai hakuweza kumvuta mama yako mahali asipotaka.

Emerensia Tigga alifariki Jumanne tarehe 10 Julai 2018, asubuhi, ndani ya nyumba ya mumewe, juu ya mkeka wake, katika pembe iliyokuwa bado kavu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Jaruba lilikuwa limemaliza kupandikizwa siku mbili kabla.

Sehemu inayofuata haimo katika kijitabu mlichoshika, kwa sababu kijitabu kilichapwa jana, na jana hatukujua mambo yataishaje. Nimeiandika leo kwa mkono.

Jana Matiyas alituma neno kwa Padre: kaburi la ndugu yake halitafunguliwa akiwa hai, Emerensia apelekwe Tilaiguda, au azikwe kule nyuma na wasio na ukoo. Padre alisema ardhi ni ya kanisa na anaweza kuamuru, lakini hapendi kumzika mtu kwa kugombana. Sushma alitaka tuache, tumpeleke popote, alimradi yaishe. Mimi sikulala vizuri.

Leo asubuhi tulipofika hapa tulikuta wanaume wamesimama kwenye mvua, na majembe. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyewapikia pombe. Wengine ni wale wale wa mwaka 1995, sasa wana mvi. Mbele yao alikuwa Mangra, mtoto wa marehemu mzee Budhram. Matiyas naye alikuwa amewahi. Alikuwa amekaa juu ya kaburi la Kornelia, fimbo yake mapajani.

"Mnamfukua ndugu yangu," akasema.

"Hapana, mzee," Mangra akamjibu. "Tunamfungulia mkewe."

Lakini hawakuanza. Mnajua kwa nini. Jembe la kwanza kwenye kaburi la ukoo lazima lipigwe na damu ya ukoo. Wote wakamtazama Matiyas. Yeye akatazama ukuta. Tukasimama hivyo mpaka maji yakaanza kutuingia shingoni.

Basi mimi nikamwomba Mangra jembe. Mmoja akasema, "Dada, wewe mwanamke." Nikamwambia hii si plau wala si paa. Jembe la mkono nimelishika tangu nina meno ya utoto, na mimi ni Lakra kama huyo aliyekaa pale. Baba yetu ni mmoja. Mama yetu ni mmoja. Hakuna mzee aliyepata neno la kunipinga, ingawa niliwapa muda. Nikapiga la kwanza. La pili magoti yakakataa, wakanipokea.

Walichimba kwa heshima. Tulimkuta Patras ametulia, amepungua sana, nafasi ni tele. Padre alinyunyiza maji ya baraka, na Sushma akashuka mwenyewe akatandika mkeka.

Marehemu ameacha binti mmoja, Sushma, na mkwe wake Alok Barla, na mjukuu, Anjela, ambaye anaimba kama mtu anayeita ng'ombe. Ameacha mdogo wake, Filip Tigga wa Asamu, ambaye bado yuko njiani. Ameacha wifi, ambaye ni mimi, na sijui Jumamosi sasa nitakwenda wapi. Na ameacha shemeji, Matiyas Lakra. Kaka, kwa mila yetu jaruba ni lako kuanzia leo, na nyumba pia. Mpunga umeshapandikizwa. Ukiiva, vuna, na ule.

Mungu aliyemwona siku zote ampokee. Emerensia, wifi yangu, tunakushusha sasa kwa mumeo. Hakuna wa kukutoa tena. Pumzika.